Jinsi Nilivyopunguza Makali ya Sonona kwa Mazoezi na Yoga

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiamka saa tisa usiku moyo ukinidunda, kisha nikishinda mchana kutwa bila hamu ya jambo lolote, mpaka daktari akaniambia kwamba nina sonona. Nilianza dawa na ushauri nasaha, na mshauri ndiye aliyenihimiza nifanye mazoezi. Kosa langu lilikuwa kutaka kukimbia saa nzima kila siku. Siku ya nne nilishindwa hata kufunga kamba za viatu. Nikaanza upya kwa kutembea haraka dakika 10 tu, nikiongeza kidogo kidogo hadi kufikia dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima. Yoga, ambayo kusema kweli nilikuwa nikiidharau, niliitengea usiku: nalala chali, miguu nimeiegemeza ukutani, navuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, kwani kutoa pumzi polepole hutuliza mapigo ya moyo. Baada ya wiki kama sita usingizi ulirejea, hamu ya chakula ikafuata. Dawa bado natumia, ingawa daktari amekwisha kunipunguzia dozi.