Baridi hushuka mlima kama maji

Mwaka jana mwezi wa nne nilipoteza miche 22 ya maua ya dalia kwa usiku mmoja. Mchana wake jua lilikuwa limewaka mpaka nikavua koti, nikajiambia baridi ndiyo imeshaondoka, nikaitoa miche yote ndani na kuiatika mwisho wa bustani, chini kabisa, penye uzio. Kulipokucha niliikuta imelala, majani meusi na teketeke kama mchicha uliotoka kwenye sufuria. Nimekulia pwani, baridi kwangu ilikuwa upepo wa kusi. Jalidi, ule umande unaoganda usiku ukawa mweupe kama chumvi, nimekutana nayo huku Uingereza nikiwa mtu mzima. Lakini kilichoninyima raha zaidi ni kwamba jirani anayepakana nami upande wa juu alitoa miche yake siku hiyohiyo, na hakuna hata jani lililoguswa.

Jibu nimelipata mwaka huu, mwishoni mwa Aprili, kwenye mteremko mmoja huko Wales.

Tulitoka Manchester asubuhi kwa treni, mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka 9. Ukishapita Chester reli inafuata bahari. Kaa upande wa kulia. Tukashuka Llandudno Junction, na teksi ikatufikisha Bodnant.

Bodnant ni bustani ya ekari 80 iliyolala ubavuni mwa bonde la mto Conwy. Sehemu ya juu imekatwa ngazi ngazi kwa kuta za mawe, na ukisimama pale unaitazama milima ya Carneddau ng'ambo ya bonde. Siku ile makorongo ya milima hiyo yalikuwa bado na mistari ya theluji, na huku tulikosimama maua yalikuwa yamefurika: ya rangi ya waridi, meupe, mekundu ya damu. Mkemia na mwenye viwanda aitwaye Henry Davis Pochin aliinunua mwaka 1874, na mjukuu wake, Henry McLaren, ndiye aliyejenga zile ngazi tano kubwa kati ya 1904 na 1914. Mwaka 1949 akaikabidhi kwa National Trust, shirika la hisani linalotunza bustani na majumba ya kale. Ila kilichonigusa mimi ni habari za watunzaji wenyewe: kuanzia 1920 wakuu wa bustani hii walikuwa wa ukoo mmoja wa Puddle, babu, kisha baba, kisha mjukuu. Mti wa magnolia unaweza kukaa miaka mingi, hata zaidi ya ishirini kwa baadhi ya aina, kabla ya kutoa ua la kwanza. Kazi ya namna hiyo inahitaji ukoo.

Binti yangu aliokota petali ya magnolia chini ya mti. Ilikuwa pana kuliko kiganja chake, nene, laini kama ngozi ya ndani ya mkono. Ukingo wake wote ulikuwa wa kahawia, kana kwamba mtu ameupitisha juu ya mshumaa. Akauliza, "Baba, nani kaichoma?" Mama mmoja mtunza bustani aliyekuwa akipalilia karibu alisikia kwamba tunaulizana jambo, akaweka jembe dogo chini, akaja.

Ni jalidi ya usiku wa juzi, akasema. Alituonyesha tumba moja lililokuwa bado limefumba: limevaa manyoya ya kijivu kama mguu wa paka. Tumba hilo limekuwapo tangu mwaka jana, manyoya hayo yamelilinda majira yote ya baridi. Likishachanua halina tena nguo. Kisha akanyoosha kidole juu ya mteremko, kwenye magnolia nyingine ya aina ileile. Ile ilikuwa nyeupe safi.

Hapo nikamweleza habari za dalia zangu, na yeye akanieleza kwa mikono yake miwili, mmoja ukiteleza juu ya mwingine. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake angani. Hewa iliyogusa ardhi hiyo hupoa, na hewa baridi ni nzito kuliko ya joto, kwa hiyo hushuka. Hushuka mteremko polepole kama maji, na kama maji hutafuta mahali pa kutuama: shimoni, bondeni, nyuma ya ukuta, nyuma ya uzio usio na tundu. Mteremkoni haikai, inapita tu. Ndiyo sababu watu wa maua hupenda ubavu wa mlima kuliko bonde. Nikamuuliza, mbona kule chini kijitoni kumejaa rododendroni, vile vichaka vya maua, zenye afya? Akaonyesha miti mirefu iliyozifunika. Matawi yale, akasema, ni blanketi. Joto la ardhi halipati njia rahisi ya kwenda juu.

Sikuyasikia sana mengine ya ziara ile. Nakumbuka kamelia, ambayo ni ndugu wa damu wa mchai; ukiangalia jani lake utaamini. Nakumbuka ile njia ya mita 55 iliyofunikwa na miti ya laburnumu pande zote, ambayo kwa kuiona na maua yake ya manjano lazima uje kuanzia mwisho wa Mei. Sisi tulikuta majani machanga tu. Wenye watoto, angalieni: laburnumu yote ni sumu, na mbegu zake zaidi.

Kwenye kitalu cha miche nilitaka kuchukua azalea iliyochanua kuliko zote. Muuzaji akanirudisha kwa upole. Chukua yenye matumba, akasema, ikachanulie nyumbani. Akageuza kopo, akautoa mmea na udongo wake wote, akanionyesha mizizi myembamba kama uzi, haijaanza kuzunguka kopo. Haipandwi chini sana, maana mizizi yake haiendi mbali, na udongo wenye chokaa haiupendi kabisa. Kuhusu dalia alikuwa mkali: zitoe nje mchana na kuzirudisha ndani usiku kwa wiki mbili hivi, zikomae, na usiziatike kabla ya mwisho wa Mei, jua liwake lisiwake.

Tuliporudi nilisimama mwisho wa bustani yetu nikauangalia ule uzio. Mbao zimebanana, kuanzia ardhini mpaka begani. Bustani nne ziko juu yetu, na baridi ya zote nne ilikuwa inaishia hapa kwangu. Nilikwenda kwa mzee anayekaa upande wa chini, ambaye huko ana majani tu, nikamwomba tutoe ubao wa chini kabisa. Alikuja na bisibisi yake mwenyewe.

Jumamosi usiku mbingu ilikuwa wazi, nyota tele. Kipimajoto cha ukutani kilisoma 5, cha penye uzio 2. Dalia zilikuwa bado zimejipanga kwenye korido, tunaziruka kwenda chooni. Binti yangu alitoka na koti juu ya nguo za kulalia, akapiga magoti kwenye majani, akaingiza mkono kwenye mwanya wa ule ubao na kuuacha humo muda mrefu.

"Inapita, Baba," akasema. "Njoo uisikie."