Mita ilisoma 120

Tangu asubuhi nimejikunja chini ya dashibodi ya gari la mama mmoja. Taa za ABS (breki zisizofunga magurudumu) na usukani zinawaka pamoja. Alishaambiwa kwingine anunue kontroli boksi mpya, na pesa hana.

Mashine ya kusoma hitilafu inatoa kodi U0121: mawasiliano na ABS yamepotea.

Nikachomoa betri, nikaweka mita pini ya 6 na ya 14 za plagi ya OBD, ya kupimia gari; hapo ndipo laini ya CAN, inayounganisha kompyuta za gari, hupimwa.

Omu 120.

Moyo ulinidunda. Inatakiwa 60, maana kila mwisho wa laini kuna rezista (kizuia umeme) ya 120, na mbili zikiwa sambamba husoma nusu. Mwisho mmoja umekatika!

Kwenye plagi ya ABS, waya mmoja umeliwa na kutu ya kijani. Nikaunga upya.

60.

Mama alinyamaza tu, machozi yanamlenga.

Mafundi wenzangu, nyie huwa mnaanzia wapi?