Jina langu, mwandiko wa baba watoto

Walikuja watatu, saa nne asubuhi, nikiwa napiga pindo la gauni la kitenge la bibi harusi. Dada mmoja alishika faili. Vijana wawili walibaki nje kwenye guta, na guta lenyewe halikuzimwa. Hapa Mwanga, Kigoma, guta likisimama mlangoni kwa fundi huwa limeleta mzigo, lakini lile lilikuwa tupu.

Yule dada aliongea kwa upole kabisa. "Mama, shemeji yetu ana marejesho hayajalipwa, imefika milioni moja na laki nane. Wewe ndiye mke wake, mali ni zenu wote. Tunaomba ushirikiano."

Baba watoto aliondoka nyumbani kwetu Ujiji mwaka 2022. Hakunipa talaka, na mimi sijaenda mahakamani kuidai. Alihamia mwalo mmoja wa mbali huko kusini, akawa anatuma hela ya ada anapojisikia, baadaye akaacha kutuma. Mwanzoni mwa 2024 alikopa anunue mashine ya boti. Mkopo wa marejesho ya kila wiki, hii tunayoiita kausha damu. Kisha Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mimi naona lilikuwa jambo jema kwa ziwa, maana migebuka ilikuwa imeadimika. Lakini rejesho la Jumatatu halingoji samaki akue.

Niliomba kuiona fomu. Kwenye orodha ya dhamana kulikuwa na televisheni, makochi, kitanda na "cherehani mbili". Cherehani zangu! Chini, kwenye nafasi ya ridhaa ya mwenza, liliandikwa jina langu na saini. Mwandiko ule niliujua hata kabla sijasoma herufi. Ndio ulioniandikia vipimo vya wateja kwenye daftari miaka ile tunaanza maisha, mimi napima kwa futi, yeye anaandika: kifua, kiuno, urefu. Magoti yaliniisha nguvu.

Jirani alikimbia kumwita mwenyekiti wa mtaa. Mzee alifika, akawasalimia vizuri, akauliza swali moja tu: "Mna amri ya mahakama?" Hawakuwa nayo. Wakaahidi kurudi Ijumaa.

Mchana ule nilikwenda kwa msaidizi wa kisheria, mwalimu mstaafu ambaye huduma yake hailipiwi. Nilimwaga yote: mwanamke mwingine, ada, miaka ninayolala peke yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Pole sana mwanangu. Sasa niambie, wewe ulisaini nini?"

Nikarudi tena kwenye uchungu wangu. Naye akarudi kwenye saini.

Nilivyomwelewa mwalimu ni hivi. Kufunga ndoa hakukufanyi mdaiwa wa deni la mwenzako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 56, inampa mke haki sawa na mume ya kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake mwenyewe. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake huyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Cherehani ya kwanza nina risiti yake, jina langu limo. Ya pili niliinunua mkononi kwa fundi mwenzangu, na bado yupo, atasema. Mume hawezi kuweka rehani kitu ambacho si chake. Na hata kingekuwa chake, tukibishana hivi, wa kuamua ni mahakama, si vijana na guta.

Nikaanza kupumua. Ndipo akauliza, "Hakuna kingine ulichosaini?"

Kilikuwepo. Mwaka 2021, bado tuko pamoja, alikopa laki sita kwenye kikoba chetu anunue nyavu, na mimi nikasaini kama mdhamini. Zilibaki laki mbili na ishirini. Mwalimu hakunipamba. "Hilo ni lako. Mdhamini anadaiwa kama mkopaji mwenyewe. Ukishalipa, una haki ya kumdai yeye." Nililia pale kuliko nilivyolia kwa ile milioni na laki nane, kwa sababu hili nililifanya kwa mkono wangu, kwa mapenzi. Nalipa elfu ishirini kila mwezi. Akina mama wa kikoba wamenivumilia, Mungu awabariki.

Nyumba ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi. Hati ina jina lake peke yake. Kumbe kifungu cha 59 kinamkataza kuuza nyumba ya ndoa, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa yangu wakati ndoa ipo, na mimi naruhusiwa kuiwekea zuio ofisi ya ardhi kulinda haki yangu. Nimeshapeleka maombi. Dada yangu mwenye hali kama yangu, usingoje dalali abandike tangazo ukutani. Na siku nikidai talaka, mahakama ikigawa mali itaangalia pia madeni tuliyokopa kwa faida yetu wote, kama lile la bati za nyumba. Hilo silikatai, tumelala chini ya bati hizo.

Ijumaa alikuja yule dada peke yake. Nikampa nakala ya risiti. Kuhusu saini, mwalimu aliniambia kughushi ni kosa la jinai, naweza kwenda polisi. Sijaenda. Mwanangu wa pili ana sura ya baba yake, na kila nikitaka kutoka namwona pale mlangoni na sare za shule. Huenda nikaenda bado.

Lakini barua ya kuikana saini nilimkabidhi siku ileile. Mwalimu alitaka ichapwe stesheneri. Nikakataa, nikaiandika kwa mkono, ukurasa mzima, ili wauone mwandiko wangu ulivyo.