Usinisemeshe, nitamwangusha

Salma ametolewa mafindofindo, alhamdulillahi, anakula aiskrimu na kutuamrisha kwa kidole. Baba yake kapata ile kazi ya Sacramento, mwenye nyumba naye kapandisha kodi. Mimi lakini bado nimesimama kwenye mlango wa chumba cha upasuaji.

Nilikuwa nimemwandalia maneno. Tangu Ramadhani nayapanga: mama yupo, utalala kidogo tu, ukiamka utaniona. Muuguzi akamvisha ile miwani mikubwa ya mchezo wa video, inayofunika macho. Mkanda ukagoma kupita juu ya mabutu yake, akaulegeza taratibu huku anamuuliza habari za shule. Humo ndani kuna pengwini anateleza mlimani akiokota vijiwe, na mtoto humwongoza kwa kugeuza kichwa tu. Kitanda kikaanza kusukumwa. Nikainama: "Salma mwanangu, mama..."

"Mama, usinisemeshe, nitamwangusha."

Mlango ukafungwa.

Usiku naisikia tena sauti ile. Haina hofu, wala hainitafuti. Mama, usinisemeshe. Nilikuwa nimebakiwa na maneno yangu yote mdomoni. Imenichoma, sifichi.

Jana ndipo nikamkumbuka kaka yake na ile operesheni ya ngiri kule nyumbani, mnaikumbuka: watu wawili wamembana mikono, kilio chake nakisikia mpaka nje kwenye benchi, na baada ya hapo akarudia kukojoa kitandani na kushtuka usiku. Daktari wa usingizi wa Salma alinieleza kwamba mtoto anayeingia kwenye nusukaputi na hofu kubwa mara nyingi huamka akirusha mateke, hajitambui, na huweza kuota ndoto mbaya siku kadhaa. Korea Kusini walijaribu miwani ya namna hii kwa watoto 69 wa miaka 4 hadi 10, wakachapisha mwaka 2017: waliovalishwa miwani na kutembezwa chumba cha upasuaji na Pororo, pengwini wa katuni, kwa video ya dakika 4 tu, waliogopa kidogo kuliko wenzao.

Salma aliamka akaomba maji, kisha akauliza kama pengwini alifika chini. Usiku akalala fofofo. Basi na asinisemeshe! Natamani kaka yake naye angepata cha kumshughulisha siku ile, na watoto wa kule waanze kukipata.

Dada Mwanaisha hapokei simu tangu juzi. Mara ya mwisho alisema presha ya mama imepanda na dawa zinakaribia kwisha.