Kisigino Kilichoachwa Huru: Vifungio vya Skii kwa Macho ya Fundi Viatu wa Malindi

Kiatu cha mtu anayesafiri juu ya theluji kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni, hushikwa mbele tu, penye vidole, na kisigino huachwa kiinuke kila anaposukuma hatua. Nikiwaeleza watu wa hapa Malindi hawashangai sana, kwa sababu makubadhi tunayoshona hufanya kazi vivyo hivyo: gidamu hukamata vidole, kisigino hupanda na kushuka, na mguu huenda zake. Lakini kubadhi lina urefu wa unyayo, ilhali skii ya mbio za masafa hukaribia mita mbili, nayo inatakiwa kutii mguu bila kuyumba upande hata kidogo. Kukamata sehemu ndogo hivyo kwa nguvu, na papo hapo kuuachia mguu nafasi ya kuinuka, ni tatizo la fundi viatu kabla halijawa tatizo la mwanamichezo. Ndiyo maana nimelifuatilia kwa miaka mingi, ingawa theluji yenyewe huiona kwenye picha tu.

Watu walianza kulitatua zamani mno. Skii ya Kalvträsk, iliyopatikana kaskazini mwa Uswidi mwaka 1924, ina umri wa zaidi ya miaka 5,000, na katikati yake mna matundu ya kupitishia kamba za kufungia mguu. Iliyonivutia zaidi, hata hivyo, ni jozi ya Digervarden huko Norwe. Skii ya kwanza ilitokeza mwaka 2014 barafu ya mlimani ilipoyeyuka, na mwenziwe akafuata mwaka 2021, karibu na pale pale. Zina umri wa miaka kama 1,300. Ile ya pili ina urefu wa sentimita 187 na upana wa sentimita 17, na kifungio chake kilikuwa bado kipo: fito za mti wa birchi zilizosokotwa kama kamba, ukanda wa ngozi, na kipande cha mti kilichopenyezwa katika tundu lililotobolewa kwenye ubao, chini ya mahali pa kukanyaga. Tena zinaonyesha alama za kutumiwa sana na kutengenezwa upya. Fundi akiona kitu kilichorekebishwa hujua kwamba mwenyewe alikithamini na kwamba hakuwa na kingine.

Kwa karne nyingi baada ya hapo mambo hayakubadilika sana. Ukanda mmoja juu ya vidole ulimtosha mtu aliyekwenda msituni kuwinda au kumtembelea jirani. Ulimtosha kwa kupanda na kwa kwenda tambarare, lakini akiteremka kwa kasi, au akitaka kupinda, kiatu kiliteleza nje ya ukanda na skii ikaenda peke yake. Jina linalotajwa sana katika hatua iliyofuata ni la Sondre Norheim, mtu maskini wa Morgedal katika mkoa wa Telemark, aliyezaliwa mwaka 1825. Yeye aliongeza kitanzi cha fito laini zilizosokotwa kilichozunguka nyuma ya kisigino, kikavuta kiatu mbele dhidi ya ukanda wa vidole. Mwaka 1868 alikwenda kushindana Christiania, mji ambao leo unaitwa Oslo, akawashangaza watu kwa jinsi alivyoruka na kupinda bila skii kumtoka miguuni. Fito mbichi husokotwa vizuri, lakini zikikauka hukatika na zikilowa hulegea, kwa hiyo chuma kilikuwa hakina budi kuingia.

Kiliingia kwa mkono wa Fritz Huitfeldt, Mnorwe mwingine, mwaka 1894. Alitoboa ubao wa skii ubavu kwa ubavu, akapitisha bamba la chuma katika tundu hilo, kisha akalikunja juu pande zote mbili likawa na masikio mawili ya kuzuia kiatu kisiende kushoto wala kulia. Ukanda wa ngozi ulipita juu ya vidole na mwingine ukazunguka kisigino. Kifungio hicho kilienea haraka, na kilikuwa na aibu moja tu: tundu lile lilipita mahali ambapo skii hubeba uzito wote, basi ndipo ilipovunjika.

Katika miaka ya 1920 na 1930 njia ziligawanyika. Watu wa milima ya Alps, ambao walitaka kuteremka zaidi kuliko kusafiri, walizidi kukibana kisigino, kwanza kwa waya wenye springi na baadaye kwa vyuma vinavyokifunga kabisa na kukiachia mtu anapoanguka. Huo ni ukoo mwingine, na ndio aliokulia Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kilifi, jirani yetu kabisa, akalelewa Austria na kuiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Pyeongchang mwaka 2018. Mimi nauacha hapo, maana kisigino kikishafungwa pande zote fundi viatu hana tena kazi kubwa ya kufikiria.

Upande wa masafa, Bror With wa Norwe alibuni mwaka 1927 kifungio ambacho mpaka leo nakiona kuwa ndicho bora kuliko vyote kwa akili iliyomo. Kinaitwa Rottefella, yaani mtego wa panya, na ukiliona taya lake la chuma likifunga hutauliza sababu ya jina. Kwenye bamba dogo lililokazwa kwa skrubu juu ya skii husimama pini tatu fupi. Soli ya kiatu imerefushwa mbele ikawa kama mdomo wa bata, na chini ya mdomo huo mna matundu matatu. Mtu hukanyaga, pini zikaingia matunduni, kisha hushusha taya la chuma likaubana mdomo wa soli na kujifunga kwenye ndoana iliyo mbele. Hakuna ukanda wa kisigino wala waya, na tundu la Huitfeldt halihitajiki tena. Pande mbili za bamba hupanuka kufuata umbo la soli, kwa hiyo kuna kifungio cha kushoto na cha kulia, kama viatu vyenyewe. Upana wa soli kwenye mstari wa pini ulikuja kuwekewa kipimo cha milimita 75, na kipimo hicho kikakubaliwa na wengi, hivi kwamba kiatu cha fundi mmoja kiliingia katika kifungio cha fundi mwingine bila ugomvi.

Kasoro yake ilikuwa katika soli. Kisigino kinapoinuka, kitu kinachokunjika ni soli yenyewe, nyuma kidogo ya pini, na kwa hiyo lazima iwe laini. Lakini skii inapotaka kupotoka upande, kitu cha kuizuia ni soli hiyo hiyo, na kwa hiyo lazima iwe ngumu. Yeyote aliyewahi kukata ngozi ya soli anajua kwamba mambo hayo mawili hayakai pamoja. Ukiipa ulaini wa kukunjika, umeipa pia ulegevu wa kujipinda kama kitambaa kinachokamuliwa. Mafundi wa Norwe waliishi na suluhu ya nusu kwa nusu kwa takriban miaka 50, na matundu ya pini yakalika na kupanuka mpaka kiatu kikawa kinacheza.

Kilichouvunja utaratibu huo kilianza kwenye skii, si kwenye kiatu. Katika mashindano ya dunia ya Falun mwaka 1974, Mswidi Thomas Magnusson alishinda mbio za kilomita 30 kwa skii za nyuzi za kioo, na mbao zikapoteza heshima yake katika mbio ndani ya muda mfupi. Skii mpya zilikuwa nyembamba, karibu milimita 44, wakati kifungio kilikuwa na milimita 75. Sehemu iliyozidi ikawa inakwaruza kuta za theluji za njia zilizochongwa kupitishia skii. Ndipo vikaja vipimo vya milimita 50 na 38 kwa wanambio, na kila kampuni ikaanza kuvuta upande wake.

Jawabu la kweli, kwa maoni yangu, lilikuwa kuipumzisha soli kazi ya kukunjika. Kampuni ya Ufaransa ya Salomon mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha kampuni ya Rottefella mwaka 1985, ziliweka fimbo fupi ya chuma mbele ya vidole, na kifungio kikaikamata fimbo hiyo badala ya kuibana ngozi. Kiatu sasa huzunguka juu ya fimbo kama mlango juu ya bawaba. Soli ikaruhusiwa kuwa ngumu inavyotaka, na tatizo la miaka 50 likaisha.

Niliushika mfano wake wenyewe mkononi Agosti moja, kusi likivuma. Mgeni mmoja kutoka milima ya kaskazini mwa Italia alikuwa akijizoeza alfajiri kwenye barabara ya Casuarina kwa skii za magurudumu, kabla tuktuk hazijajaa. Vifungio vyake ni vile vile vya theluji. Gundi ya kiatu kimoja ilikuwa imeachia kwa joto na unyevu, akaniletea dukani mtaa wa Shella akauliza, “Fundi, kitashika?” Nilikigeuza juu ya goti. Fimbo ya chuma, nyembamba kuliko penseli, ilikuwa imezama ndani ya soli ya plastiki chini ya ncha ya kidole gumba, iking'aa katikati pale kifungio kinapoikamata. Kuelekea nyuma kulikuwa na mifereji miwili ya sambamba, ambayo hukaa juu ya matuta mawili yaliyo kwenye bamba la skii. Kazi ya kuzuia kuyumba imehamia huko. Mbele ya fimbo, kifungio kina kipande cha mpira ambacho ncha ya kiatu hukibonyeza kisigino kinapopanda, nacho husukuma na kuirudisha skii kwenye kiatu. Mpira huo huuzwa laini au mgumu. Nilisafisha gundi ya zamani, nikapaka mpya na kukibana usiku kucha. “Kitashika,” nilimwambia, “lakini usikimbie nacho kabla ya kesho kutwa.”

Ugumu wa mpira ulipata umuhimu mpya baada ya Mmarekani Bill Koch kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1982 akisukuma skii kwa upande, kama mtu anayeteleza juu ya barafu. Mtindo huo uliwashinda kasi wenzake wote, mpaka kuanzia msimu wa 1985–86 mbio zikagawanywa kuwa za mtindo wa kale na za mtindo huru. Anayesukuma kwa upande anataka skii ishikamane na kiatu, isining'inie ncha chini anapoinua mguu, kwa hiyo hupendelea mpira mgumu; wa mtindo wa kale hutaka kisigino kipande mbali, naye huchagua laini. Salomon ilikwenda mbali zaidi ikabuni kiatu chenye fimbo mbili, ya pili ikivutwa na springi. Ni kazi ya werevu, lakini kiatu hicho hakikuingia katika kifungio cha jirani yake, Rottefella.

Hapo ndipo ninapowalaumu wote wawili. Kwa takriban miaka 30 mnunuzi alilazimika kuchagua ukoo kabla ya kuchagua kiatu, na aliyependa kiatu cha huku na skii yenye kifungio cha kule alibeba bisibisi. Philip Boit wetu, aliyemaliza wa mwisho katika kilomita 10 za mtindo wa kale kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 na kumkuta mshindi, Bjørn Dæhlie, akimngoja kwenye mstari, alijifunza mchezo katikati ya ushindani huo wa vipimo. Mwaka 2016 Salomon ilileta kifungio kinachopokea soli ya mifereji miwili ya wapinzani wake, na mwaka uliofuata kampuni za Fischer na Rossignol zikaleta chao kinachopokea soli hiyo hiyo.

Ubunifu umehamia sasa kwenye mahali pa kukaza. Tangu mwaka 2005 skii nyingi hutoka kiwandani na bamba lake tayari, kifungio huchomekwa bila kutoboa kitu, na mtu anaweza kukisogeza: kikienda mbele, skii hushika theluji vizuri zaidi wakati wa kusukuma, kikirudi nyuma, huteleza vizuri zaidi. Siku hizi kuna vinavyosogezwa kwa kuzungusha kitufe huku mtu bado amesimama juu ya skii. Na kile cha pini tatu cha milimita 75 bado kinatengenezwa, kwa ajili ya watu wanaopita misituni na milimani mbali na njia zilizochongwa. Mwenye kiatu cha ngozi chenye mdomo wa bata, hata kama kilishonwa miaka 40 iliyopita, anaweza kununua leo kifungio kipya kabisa na kiatu chake kikakiingia.