√7 kwa sehemu mfululizo, na mahali pa kukata

Ukihitaji sehemu fupi iliyo karibu sana na kipeuo cha pili cha namba, sehemu mfululizo, yaani sehemu ndani ya sehemu kama 2 + 1/(1 + 1/(1 + ...)), ndiyo njia bora kuliko zote. Tuchukue √7.

Usianze na 2.6457513 ya kalkuleta. Kutoa namba nzima na kugawa 1 kwa baki, tena na tena, hukuza kosa la tarakimu ya mwisho, na baada ya hatua kadhaa unapata namba za uongo zinazofanana kabisa na za kweli. Tumia namba kamili tu. Anza na m = 0, d = 1, a = 2 (namba nzima ya √7). Kisha kila hatua:

m mpya = d × a − m
d mpya = (7 − m²) ÷ d, kwa m mpya
a mpya = namba nzima ya (2 + m) ÷ d, kwa m na d mpya

Zinatoka hivi (m, d, a): (2, 3, 1), (1, 2, 1), (1, 3, 1), (2, 1, 4). Hapo d imerudi 1 na a ni 4, yaani 2 mara mbili, kwa hiyo mzunguko umefungwa, na a ni: 2, 1, 1, 1, 4, 1, 1, 1, 4... Kwamba a za kipeuo cha namba kamili isiyo mraba lazima zijirudie, mwanahisabati Lagrange alilithibitisha mwaka 1770. Mgawanyo wa d ukiacha baki, umekosea, rudi nyuma.

Sasa jenga sehemu, ukianza na 1/0 ya kuanzia tu, kisha 2/1. Zidisha a kwa kiasi cha mwisho, jumlisha kiasi kilichotangulia. Asili nazo vivyo hivyo:

2/1, 3/1, 5/2, 8/3, 37/14, 45/17, 82/31, 127/48

Zinapishana, moja chini ya √7, inayofuata juu yake. Mbili zikifuatana upande mmoja, kuna hesabu iliyoharibika.

Wengi hukata popote. Kata kabla ya a kubwa, kwa sababu kosa ni takriban 1 ÷ (a inayofuata × asili²). Kwa √7 ni kabla ya 4: kwenye 8/3 au 127/48. Hii ya pili imepitiliza kwa 0.00008 tu, wakati 2.646, ambayo ni 1323/500, imekosea mara tatu zaidi kwa asili kubwa mara kumi.

√2 haina nafasi hiyo, maana a zake zote baada ya 1 ni 2. √61 ina mzunguko wa hatua 11 unaoishia na 14. Vumilia hadi 29718/3805, ambayo kosa lake halifiki 0.000000005.