Robo fainali ya Soccer City na mjomba wa Soweto

Mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, nilikuwa kidato cha tatu Morogoro, na bahati ikaniangukia. Shirika moja la vijana lilikuwa linapeleka wanafunzi wachache Afrika Kusini kwa mpango wa kubadilishana utamaduni: unakaa na familia ya huko, unakutana na vijana wa nchi nyingine, mnafundishana ngoma na michezo ya kwenu, na mwisho mnaingia uwanjani kutazama mechi moja. Yetu ilikuwa robo fainali ya tarehe 2 Julai, Soccer City. Tiketi zilipogawiwa hakuna aliyejua ni timu gani zitafika hapo.

Baba alinisindikiza hadi uwanja wa ndege Dar es Salaam, akanivulia sweta lake. Sweta lile halikufua dafu. Johannesburg iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Julai ni katikati ya kipupwe. Asubuhi umande unaganda juu ya majani. Mama mwenyeji wangu, Orlando West, Soweto, aliponiona natetemeka mlangoni kwake alivua koti alilokuwa amevaa akanivika, ndipo tukaanza kusalimiana.

Mtaa wenyewe ulinishangaza. Hatua chache kutoka nyumbani kwake ni Vilakazi Street, ambako Nelson Mandela na Askofu Desmond Tutu wote walipata kuwa na nyumba. Ukipandisha kidogo unafika kwenye makumbusho ya Hector Pieterson, mtoto aliyepigwa risasi tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Nilisimama mbele ya ile picha yake kubwa, akiwa amebebwa mikononi, dada yake akikimbia pembeni, nikiwa na umri uleule wa wanafunzi wengi walioandamana siku ile.

Wenyeji walikuwa wameshatolewa. Waliifunga Ufaransa 2-1 na bado wakatoka kwenye kundi, jambo ambalo halijawahi kumpata mwenyeji yeyote kabla yao. Kati ya timu sita za Afrika ilibaki Ghana peke yake, na robo fainali yetu ikawa yake dhidi ya Uruguay. Basi mtaa mzima ukahamia Ghana. Bafana Bafana, jina la utani la timu ya Afrika Kusini, ikawa BaGhana BaGhana, bendera zikabadilishwa kwenye magari, na watoto wa jirani wakawa wanajiita Gyan na Boateng, wachezaji wa Ghana, wakicheza barabarani. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Nimeona ushabiki mwingi tangu hapo, na huo wa Soweto ndio ninaoupenda kuliko wote.

Mchana wa siku ya mechi kundi letu lilikusanyika nyumbani kwa mama, tukatazama Uholanzi ikiitoa Brazil 2-1 huko Port Elizabeth. Tulikuwa na kijana mmoja wa Brazil. Alilia wazi wazi, jezi ya njano ameivuta hadi machoni. Mama alimkalisha mezani, akampakulia pap, ugali wa kwao, na chakalaka, mchuzi wa mboga wenye pilipili, akasimama pembeni yake mpaka sahani ikaisha. Jioni tulipokuwa tunapanda basi la Rea Vaya kwenda uwanjani, kijana huyo ndiye alikuwa wa kwanza kujifunga bendera ya Ghana kiunoni.

Uwanja umejengwa kwa umbo la kibuyu, na usiku taa zake zinaonekana kutoka mbali. Ndani kulikuwa na watu zaidi ya 84,000. Kwenye televisheni vuvuzela husikika kama nyuki. Pale unazisikia kifuani, na baada ya muda huwezi tena kutofautisha pumzi yako na kelele. Tulikaa juu kabisa, kona ya mbali. Nilikuwa na koti la mama, soksi mbili mbili, na sikuhisi baridi hata kidogo.

Mapumziko yalikuwa yanakaribia Sulley Muntari wa Ghana alipoachia shuti la mbali, likatinga wavuni. Nikakumbatiwa na watu nisiowajua. Dakika ya 55 Diego Forlán wa Uruguay akasawazisha kwa frikiki. Tukaingia dakika thelathini za nyongeza, na zikawa zinaisha.

Kilichotokea dakika ya 120 nimekisimulia mara nyingi na bado mikono yangu hutoka jasho. Faulo ikamwagwa ndani ya boksi la Uruguay. Msukumano. Stephen Appiah akapiga, Luis Suárez akaokoa mstarini kwa mguu. Mpira haukutoka. Dominic Adiyiah akaupiga kichwa, ukawa unaingia, na Suárez, akiwa palepale mstarini, akaupangua kwa mikono. Hata sisi wa kule juu tuliiona mikono. Kadi nyekundu. Penalti. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alishaanza kulia kwa furaha, kwa sababu Asamoah Gyan alikuwa amekwishafunga penalti mbili kwenye mashindano yale, na timu ya Afrika ilikuwa haijawahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Gyan akapiga. Mpira ukagonga mwamba wa juu ukapaa. Vuvuzela zikakatika zote kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza usiku ule nikasikia watu wakizungumza.

Mpaka leo watu wanabishana kuhusu Suárez. Mimi ubishi huo sina: sheria ilifuatwa, kadi ilitoka na penalti ikatolewa. Ninachokibeba ni kingine. Dakika chache baadaye zilipoanza penalti za kuamua mshindi, wa kwanza kutoka upande wa Ghana alikuwa Gyan yuleyule. Alitembea kutoka katikati ya uwanja, akauweka mpira, akaupiga juu wavuni ambako kipa hakuweza kuufikia. Sijui mtu anapata wapi miguu ya kufanya hivyo. Nilikuwa na miaka 17 na nilisimama nikampigia makofi mpaka viganja vikauma. Baadaye John Mensah na Adiyiah wakapanguliwa na kipa wa Uruguay, Fernando Muslera, Maxi Pereira wa Uruguay akapaisha, na Sebastián Abreu akaubetua mpira taratibu katikati ya goli. Uruguay 4, Ghana 2.

Kwenye basi hakuna aliyesema neno.

Tulipofika nyumbani taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Alikuwepo mwanamume wa makamo amekaa karibu na hita, kaka yake mama, aliyekuja kutazama mechi pale. Watoto wa nyumba ile wakamwita mjomba, nami nikajiandaa kumsalimia kwa Kiingereza changu cha shule. Akanitangulia kwa Kiswahili:

“Karibu, binti. Habari za Morogoro?”

“Shikamoo!” likanitoka.

“Marahaba, mwanangu. Unakaa wapi pale mjini?”

“Kihonda.”

“Kihonda! Basi Mazimbu unapajua.”

Napajua, nikamwambia, ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine sasa. Akacheka, akavuta kiti chake karibu. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliokimbia Soweto baada ya 1976. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, lile shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, na mwaka uliofuata wakaanza shule waliyoipa baadaye jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Mjomba alifika akiwa kijana mdogo. Alisoma pale, akakamua ng'ombe zamu kwa zamu, akacheza mpira na vijana wa mitaa ya kwetu (“walikuwa wanatufunga, sikufichi”), akabaki kufanya kazi hadi walipoanza kurudi kwao. Mimi nilikuwa nimepita mbele ya majengo yale tangu utotoni, na ilibidi nifike Soweto nikutane na mtu anayejua mti gani uko nyuma ya bweni gani.

Kisha akarudi kwenye mechi, lakini haikuwa ile niliyotoka kuiona.

“Mwaka 1990 tulisikiliza Cameroon na Uingereza kwa redio, palepale Mazimbu. Mandela ametoka jela Februari, sisi akilini tunafunga mizigo ya kurudi. Cameroon wanaongoza 2-1. Dakika saba, nane zimebaki. Lineker wa Uingereza akapata penalti. Nyongeza, Lineker akapata penalti nyingine. Majirani wa Kitanzania walikuwa wamejaa pale kwetu. Tulilia wote.” Akanyamaza kidogo. “Leo nilikuwa nalia hapa peke yangu na dada yangu, nikawa nasema, wale wa Morogoro nao wanalia saa hizi.”

“Baba analia,” nikamwambia. “Namjua.”

Akaniuliza kuhusu makaburi ya wenzao pale Mazimbu. Yanafyekwa? Nikamjibu yanafyekwa, tunayaona tukipita. Rafiki aliyevuka naye mpaka mwaka 1976 amelala pale. Malaria ilimuua wakiwa bado hawajazoea mbu wetu. Akaniandikia jina kwenye kipande cha karatasi.

Kabla Ghana haijaondoka, wachezaji walizungushwa Soweto. Mjomba alinichukua tukasimama kando ya barabara katikati ya umati, yeye amenishika bega nisipotee. Nilitegemea watu wawe wapole, kama wanaokwenda msibani. Walishangilia mpaka sauti zikakauka. Basi lilipopita mjomba alilifuata mbio hatua kadhaa, mtu mzima na kofia yake mkononi, anaita jina la Gyan.

Niliporudi Morogoro nilikwenda Mazimbu na mdogo wangu, tukalitafuta lile jina, tukalipata. Tulipiga picha kaburi, bweni, na mti mmoja uliofanana na ule alionielezea. Nikazisafisha studio mjini na kuzituma kwa posta. Kabla mwezi haujaisha akapiga simu kwa baba. Picha zimefika, familia yote imezitazama, na mti siyo wenyewe. Wenyewe uko kushoto zaidi. Halafu binti yake, aliyezaliwa kwenye hospitali ya palepale, anaomba picha ya wodi, na yeye anataka kujua zizi la ng'ombe siku hizi liko wapi. Baba akamwambia atulie, akaniita, akanipa simu. Jumamosi iliyofuata nikaazima tena kamera, tukarudi.